Homa na Majina Yake: Historia ya Maneno ya Maradhi ya Bakteria katika Kiswahili

Katika makala haya nataka kueleza historia ya baadhi ya maneno ambayo Waswahili wameyatumia kuyataja maradhi yaletwayo na bakteria, na kuonyesha jinsi maneno hayo yanavyosaidia au kuzuia kazi ya kumpima mgonjwa, kumtibu na kumkinga. Najua kwamba wasomaji wengi wa jarida hili ni watu wa lugha, wala si waganga. Mimi nami si mganga. Lakini mganga hawezi kuanza kazi yake kabla mgonjwa hajasema neno, na neno ni mali yetu sote. Tukilichunguza vema, huenda tukawa na msaada kwa wenzetu wa hospitali.

Yafaa nieleze kwanza jinsi nilivyoingia katika habari hii. Miaka michache iliyopita shangazi yangu, aliyekwisha kupita umri wa miaka 70, aliugua nyumbani kwake Kawe, kaskazini ya mji wa Dar es Salaam. Nilipofika nilimwamkia, naye akanijibu kwa taabu, "Marahaba, baba. Mwili hauna raha, nasikia baridi, na huko chini si kwema." Nikampeleka katika zahanati moja iliyokuwa karibu. Mhudumu aliuliza mama anasumbuliwa na nini; nami, kwa kuwa ndiye mpwa wake na ndiye msomi, nikajibu kwa niaba yake, "Ana homa." Maneno yake ya tatu sikuyatamka. Shangazi alikuwa ameyafunika kwa adabu, nami kwa adabu nikayaacha yalivyofunikwa. Akapewa dawa ya malaria pasipo kutolewa damu. Siku ya sita akaanza kuweweseka, tukamkimbiza hospitali. Huko alipimwa damu na mkojo, ikaonekana kwamba hakuwa na malaria hata kidogo. Bakteria walikuwa wamepanda kutoka kibofu hadi figo. Alipona, alhamdulillahi, lakini alilala wiki tatu. Mhudumu alikosa kwa kutompima. Mimi nilikosa kwa neno moja.

Basi na tulitazame neno hilo. Homa ni neno la asili ya Kiarabu, nalo katika Kiarabu lina maana ya joto la mwili lipitalo kiasi. Katika Kiswahili limechukua kazi mbili. Kwanza lataja dalili, yaani mwili kuchemka. Pili lataja ugonjwa wenyewe, na katika nchi ya pwani, ambako mbu hawakosekani, ugonjwa huo kwa desturi hufahamika kuwa ni malaria. Mtu asemapo, "Mtoto ana homa," msikilizaji hawezi kujua kama ameambiwa dalili au ameambiwa ugonjwa. Lugha imejaribu kuitatua shida hii kwa kuongeza maneno nyuma ya homa: homa ya matumbo, homa ya mapafu, homa ya uti wa mgongo, homa ya manjano, homa ya papasi. Ukiyatazama maneno hayo utaona kwamba kiungo "ya" hakifanyi kazi moja. Matumbo, mapafu na uti wa mgongo ni mahali ugonjwa unapoketi. Manjano ni rangi imjiayo mgonjwa. Papasi peke yake ndiye aletaye ugonjwa. Kwa hiyo katika orodha hii yote ni jina moja tu lituonyeshalo adui yuko wapi, na lenyewe lina historia inayostahili kusimuliwa.

Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe, lakini tabia yake si ya kupe wa ng'ombe. Hukaa katika nyufa za kuta na sakafu za udongo. Usiku hutoka, humnyonya mtu aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni kabla hakujapambazuka. David Livingstone, katika kitabu chake cha safari kilichotolewa mwaka wa 1857, alieleza madhara ya kuumwa na wadudu wa aina hii. Kamusi Sanifu ya mwaka wa 1939, iliyotungwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson kwa niaba ya Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, inalo neno papasi pamoja na maelezo ya mdudu huyo.

Wataalamu wa Ulaya walimfikia papasi kwa njia ndefu. Mwaka wa 1904, katika Uganda, Philip Ross na Arthur Milne walieleza kwamba homa iwarudiayo watu mara kwa mara ililetwa na kupe. Wakati huo huo J. E. Dutton na J. L. Todd walikuwa wakiichunguza katika mashariki ya Kongo. Dutton mwenyewe aliambukizwa, akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Mwaka huo huo Robert Koch alikuwa Dar es Salaam. Hakuwa mgeni katika mji huu, maana alikwisha kufika mwaka wa 1897 kuchunguza malaria na tauni. Safari hii aliifuata njia ya misafara iendayo bara, akawakusanya papasi katika vibanda walimolala wapagazi. Akaona kwamba bakteria wa homa hiyo, wenye umbo la kujisokota kama kizibuo, hawakuwamo katika papasi wakubwa tu, bali hata katika mayai yao. Kwa hiyo mtoto wa papasi huzaliwa akiwa na sumu ya mama yake, na kibanda kikiisha kuingiliwa huwa hatari kwa miaka mingi. Bakteria huyo alipewa jina la marehemu Dutton, na hata leo wataalamu humwita Borrelia duttonii.

Nataka msomaji aone faida iliyomo katika jina homa ya papasi. Mtu alijuaye jina hilo amekwisha kujua namna ya kujikinga: asilale chini, azibe nyufa, asikipange kitanda ukutani, asilale katika kibanda cha njiani. Naye fundi wa maabara alijuaye jina hilo atakumbuka kuwatafuta bakteria hao katika tone lile lile la damu atafutamo malaria, kwa maana waonekana kwa darubini hiyo hiyo. Jambo hili si dogo, kwa sababu ugonjwa huu huwadhuru sana wanawake wajawazito na watoto wachanga. Lakini mgonjwa akiandikiwa "homa" tu, papasi amefichwa tena ukutani.

Majina mengine ya maradhi ya bakteria yalitokana na mambo yaliyoonekana kwa macho. Kipindupindu latokana na shina la kupindua, na yeyote aliyepata kumwona mgonjwa wake hatauliza sababu. James Christie, aliyekuwa daktari Unguja, alitoa mwaka wa 1876 kitabu kikubwa juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki, pamoja na maafa yaliyoupata mji wa Unguja mwaka wa 1869 na 1870. Alifanya kazi ya mwanahistoria hasa: aliwauliza wafanya biashara na wasafiri, akaifuata njia ya ugonjwa kutoka bara kwa Wamasai mpaka pwani ya Pangani na hatimaye visiwani. Christie aliijua njia, lakini hakumjua msafiri, kwani Koch alikuwa hajafika Misri na Bara Hindi, ambako mwaka wa 1883 na 1884 alimtambua bakteria wa kipindupindu.

Kichomi latokana na kuchoma, maana mgonjwa wa mapafu huona kama anachomwa mbavuni. Dondakoo ni donda la koo. Kifua kikuu ni maradhi makuu ya kifua. Pepopunda lina pepo na punda ndani yake, na hapa msomaji wa leo aweza kuingia mtegoni. Twajua sasa kwamba bakteria wa pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama, na miongoni mwao yumo punda. Mtu aweza kusema basi wazee walijua. Sidhani. Yaelekea zaidi kwamba walimwona mgonjwa amekakamaa na meno yameumana, wakatafuta mfano wake. Mwenye kuchunguza asili ya maneno hana ruhusa ya kuwapa wazee elimu ambayo neno lenyewe halishuhudii. Hata hivyo ugonjwa huo ulipungua sana bila jina kubadilika. Akina mama walichanjwa, vitovu vya watoto vikakatwa kwa chombo safi, na mwaka wa 2012 ilithibitishwa kwamba Tanzania imeutokomeza kama tatizo la uzazi na watoto wachanga. Kwa hiyo nisieleweke kwamba jina baya peke yake huua, au kwamba jina jema peke yake huponya.

Sasa tuje kwenye jina la bakteria wenyewe. Viumbe hawa hawakuonekana kwa macho, basi lugha haikuwa na jina lao. Njia ya kwanza iliyofuatwa ilikuwa kudogosha: mdudu akawa kidudu, kidudu akawa kijidudu. Njia hii ni nzuri kwa mafundisho ya kwanza, maana kila mtu aelewa kwamba mdudu aweza kuwa mdogo mno. Baadaye yakaongezeka viini, vimelea na vijasumu, na pamoja nayo neno la kigeni bakteria, ambalo limekwisha kukaa katika kamusi zetu za sayansi, kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka wa 1990. Kwa hiyo hatuna upungufu wa maneno. Upungufu wetu ni mipaka. Katika mazungumzo ya kila siku, vijidudu ni bakteria, ni virusi, ni vimelea vya malaria, ni minyoo midogo, ni kila kitu. Mgonjwa akiambiwa, "Una vijidudu," hajaambiwa jambo ambalo laweza kumwongoza.

Matokeo yake twayaona dukani. Dawa za kuua bakteria tumeziita viuavijasumu. Neno hilo limejengwa kwa ufundi, lakini wachache hulitumia, na wengi husema antibayotiki au hutaja rangi ya kidonge. Kwa kuwa mafua nayo huletwa na vijidudu, mtu huona ni haki kununua dawa ya vijidudu. Mafua ni kazi ya virusi, nayo dawa hiyo haina nguvu juu ya virusi. Humwacha mgonjwa alivyo, ila bakteria waliomo mwilini mwake huizoea.

Iko pia historia ya sindano. Katika miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika na misheni ziliwatibu watu wengi sana waliougua buba, ambao nao ni ugonjwa wa bakteria, kwa kuwadunga dawa. Vidonda vilikauka upesi, na watu wakaja kwa wingi kuitafuta sindano. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ikaja penisilini, iliyotokana na uvumbuzi wa Alexander Fleming wa mwaka wa 1928, ikaongeza sifa hiyo. Tangu hapo watu wengi hawakuuliza tena sindano ina dawa gani. Waliuliza kama kuna sindano. Chombo kikachukua jina la dawa, na dawa ikasahau jina la ugonjwa.

Huenda mtu akasema kwamba mimi nakuza kosa la maneno kuliko lilivyo. Basi na tutazame hesabu. Katika hospitali mbili za Moshi, mwaka wa 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa kwa makini. Waganga walikuwa wamewahesabu 528 kuwa ni wa malaria. Vipimo vilipotimia, malaria ilikuwa ndiyo sababu ya ugonjwa kwa watu 14 tu. Waliobaki walikuwa na mengi mengine, yakiwamo maradhi ya bakteria katika damu na yale yatokanayo na mifugo. Uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka wa 2014, ulihusu watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa Dar es Salaam na Ifakara bila kulazwa. Karibu 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Takriban 1 kati ya 10 alikuwa na malaria. Na asilimia 22 walikuwa na ugonjwa wa bakteria. Hesabu hizi mbili zatuonya pande mbili: si kila homa ni malaria, wala si kila homa isiyo malaria yataka kiuavijasumu.

Hesabu ya tatu ni nzito zaidi. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, mwaka wa 2001 na 2002, watoto waliolazwa na dalili za maambukizo ya mwili mzima, jumla ya mara 1,828, walichukuliwa damu ili ioteshwe. Wale walioonekana kuwa na bakteria wa kundi lisiloshika rangi ya Gram, yaani rangi ile iliyobuniwa mwaka wa 1884 na Hans Christian Gram wa Denmark, walikufa kwa kadiri ya asilimia 43.5. Waliokuwa na malaria walikufa kwa kadiri ya asilimia 20.2. Na mtoto ambaye bakteria wake walikuwa wameizoea dawa aliyopewa alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Hapo ndipo kosa la dukani humrudia mtoto wodini.

Nimetumia neno kuotesha, nami nataka kulisifu. Mafundi wa maabara wa Tanzania husema, "Mkojo umeoteshwa," au, "Tunaotesha damu." Ni neno la mkulima. Huchukua kiasi kidogo cha mkojo, damu au usaha, hukipanda katika chakula kiwafaacho bakteria, hukiweka penye joto, na baada ya siku mbili au tatu hutazama ni nini kimeota na ni dawa ipi itakayokiua. Sijui kama kuna lugha nyingine iliyolieleza jambo hili kwa neno jepesi namna hii. Shangazi yangu, ambaye hakusoma shule, alilielewa mara moja. Aliniuliza, "Kumbe, baba, walinipanda kama mchicha?" Kisha akakubali kungoja siku mbili, jambo ambalo hapo kwanza alilikataa. Neno likifaa, mgonjwa hushirikiana na mganga wake.

Katika kukinga nako lugha yetu ina akiba. Twatofautisha kunawa na kuosha: mtu hunawa mikono na uso, bali huosha vyombo na nguo. Kunawa ni tendo la adabu, nalo kwa desturi yetu huja kabla ya kula. Hospitali yataka lije kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Ignaz Semmelweis alilionyesha jambo hili katika mji wa Vienna mwaka wa 1847, alipowaamuru waganga wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwazalisha wanawake, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana. Mhudumu wetu akiamini kwamba kunawa ni adabu anayowiwa na mgonjwa, kama vile mwenyeji anavyowiwa na mgeni, hatahitaji kukumbushwa kwa tangazo la ukutani.

Vile vile twatofautisha safi na takasifu. Kitu safi ni kile ambacho jicho halioni uchafu wake. Kutakasa ni zaidi ya hapo, na neno lenyewe limetoka katika mambo ya dini. Hospitali zimelichukua kwa maana ya kuwaua bakteria wote katika chombo, nami naona zimefanya vema. Wazee wa Kawe wana mfano wa karibu. Katika mtaa wao kilikuwapo kiwanda cha Tanganyika Packers, kilichotia nyama ya ng'ombe katika makopo. Kazi yake ilikwisha kitambo, lakini viwanja vyake vyaitwa hivyo hata leo. Nyama ya kopo haikudumu kwa kuwa ilikuwa safi. Ilidumu kwa kuwa kopo lilifungwa lisiingie hewa, likapikwa mpaka bakteria waliomo wakafa. Mkasi wa mkunga uliooshwa kwa sabuni ni safi. Uliotakaswa kwa mvuke wa nguvu ndio unaofaa kukata kitovu.

Kutokana na haya nina mambo matatu ya kuwaomba wenzangu. La kwanza, tunapotunga kamusi na vitabu vya shule, tuliweke neno homa mahali pake, yaani dalili, na tusiliache lisimame peke yake kama jina la ugonjwa. La pili, tuweke mpaka kati ya bakteria na virusi katika lugha ya kila siku, si katika kamusi za wataalamu tu. Neno vijidudu libaki kwa mafundisho ya watoto. La tatu, tukusanye maneno ya staha ambayo wagonjwa huyatumia kutaja viungo na haja za mwili, ili wahudumu wa afya wafundishwe kuyasikia. Mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa, ulioanza mwaka wa 2017, ulitaka watu waelimishwe, na elimu hiyo haina budi kupita katika maneno hayo.

Kazi hii ya tatu haiwezi kufanywa na mtu mmoja akiwa Dar es Salaam. Ninavyosema "huko chini" sivyo wasemavyo Lamu, Pemba, Tanga, Kigoma au Kasongo. Wasomaji walio na maneno ya namna hiyo katika lahaja zao wanaombwa wayaandike, pamoja na kueleza nani humwambia nani, na wakati gani, wayalete kwa mhariri. Mimi nimekwisha kuanza na ya shangazi yangu, kwa idhini yake.